Mtu Anapojihisi Mgeni Ndani ya Nafsi Yake

Kuna hali ambayo mtu anakuwa na akili timamu, anajua jina lake, anajua leo ni siku gani na yuko wapi, na bado anajihisi kana kwamba si yeye. Anaongea, na sauti yake anaisikia kama ya mtu mwingine. Anatembea na miguu inakwenda, lakini haoni kama ndiye anayeiamuru. Anajitazama kwenye kioo, uso anautambua, ila hauhisi kuwa ni wake. Wataalamu wa afya ya akili huiita hali hii dipasonalaizesheni. Inayoandamana nayo mara nyingi ni dirialaizesheni, ambapo kinachobadilika ni dunia iliyomzunguka mtu: nyumba, watu na miti vinakuwa bapa kama picha ukutani, rangi zinafifia, sauti zinatoka mbali, na mtaa aliokulia unaonekana kama mahali anapofika kwa mara ya kwanza. Wengi wanaopatwa na moja hupatwa na nyingine pia, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani umezihesabu kuwa tatizo moja.

Maneno ya wanaopitia hali hii yanafanana sana, hata pale ambapo hawajawahi kukutana wala kusikiana. Niko kama ndotoni. Naona ukungu. Kuna kioo kati yangu na watu. Mwili upo, mimi sipo. Wengine hawana maneno kabisa, kwa hiyo wanaeleza kilicho karibu: kizunguzungu, kichwa chepesi, macho yasiyoona vizuri. Ndiyo maana wapo wanaoanzia kwa daktari wa macho, wakapimwa, wakaambiwa macho yao ni mazima, wakarudi nyumbani na hofu kubwa kuliko waliyokwenda nayo.

Kinachoumiza zaidi, na kisichosemwa hadharani, ni kufa ganzi kwa hisia. Mtu yuko msibani, wenzake wanalia, naye amekaa mkekani macho makavu, akijiuliza amekuwa mtu wa aina gani. Mama anambeba mwanawe, anamnyonyesha, anamfunika vizuri, kila jambo analifanya kwa wakati wake, lakini ule upendo anaojua kwamba anao haufiki kifuani. Muumini anasimama kuswali au anapiga magoti kusali, maneno yanatoka mdomoni yakiwa yamenyooka, na ndani hakuna kinachoitika. Anahofia kwamba imani imemtoka. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeacha kupenda au kuamini. Upendo uko palepale, na ushahidi wake ni uchungu anaousikia kwa kutousikia. Mtu asiyejali hasumbuliwi na kutojali kwake.

Hofu iliyo mstari wa mbele ni ya kurukwa na akili. Hapa jibu linaweza kutolewa bila kusitasita. Katika magonjwa makali ya akili yanayomtenga mtu na uhalisia, mgonjwa huamini kile anachokiona au kukisikia: anaamini kweli kwamba redio inamsema yeye, au kwamba majirani wamebadilishwa na kuwekwa watu wengine. Mwenye hali inayozungumzwa hapa haamini kwamba dunia imegeuka kuwa picha. Anajua kwamba ni yeye anayeiona hivyo, na anajua kwamba zamani hakuiona hivyo. Uwezo wake wa kupambanua kilicho kweli haujaguswa. Anaweza kuhesabu chenji, kuendesha gari, kufundisha darasa na kujibu mtihani, na mara nyingi walio karibu naye hawatambui chochote.

Tena si jambo la nadra. Karibu nusu ya watu wazima huwahi kulipitia angalau mara moja maishani, kwa dakika au saa chache, likaisha lenyewe. Huja baada ya usiku wa kukesha, safari ndefu, homa kali, habari ya kifo cha ghafla. Huja pia wakati wa ajali: abiria wa bodaboda iliyogongwa anaweza kusimulia kwamba alijiona akiruka hewani taratibu, bila woga, kama anayemtazama mtu mwingine. Mwaka 1892 Albert Heim, mwanajiolojia wa Uswisi ambaye naye aliwahi kuanguka mlimani akapona, alichapisha masimulizi ya wapanda milima walioponea chupuchupu, na wengi walieleza utulivu huohuo wa ajabu katikati ya hatari. Kwa hiyo mwanzo wa hali hii ni kinga. Hisia zinapotishia kuzidi uwezo wa mtu, ubongo unazipunguza ili aweze kutenda.

Shida inaanza pale kinga hiyo isipoondoka. Watu wanaobaki nayo kwa miezi au miaka, kiasi cha kuwaharibia maisha, wanakadiriwa kuwa mmoja au wawili katika kila 100, wanaume na wanawake kwa kiwango kinacholingana. Kwa kawaida huanza ujanani, wastani wa miaka 16, na ni wachache wanaoanza baada ya miaka 25. Umri huo wenyewe unaongeza mzigo, kwa sababu kijana wa kidato cha tatu hana wa kumwambia, na akithubutu kusema hudhaniwa anatafuta kisingizio cha kukwepa shule.

Milango inayopitiwa na hali hii ni mingi, ila mitatu ndiyo inayotajwa zaidi. Wa kwanza ni mshtuko wa hofu: moyo unakwenda mbio, pumzi zinabana, mikono inatetemeka, na katikati ya hayo dunia inageuka ghafla kuwa ya kigeni. Hofu inapoa, ugeni unabaki. Wa pili ni bangi. Mtu anaweza kuivuta mara moja tu pamoja na marafiki, akapatwa na woga mkubwa, moshi ukaisha kichwani na ile hali isiishe kwa majuma au zaidi. Hilo halimpati kila mvutaji, lakini limewapata wengi kiasi kwamba daktari makini huliuliza mapema, na mgonjwa hana budi kulijibu kwa ukweli bila kuogopa kuhukumiwa. Mlango wa tatu ni wa polepole, nao ni utoto wa kudharauliwa. Utafiti wa Daphne Simeon na wenzake mjini New York, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba kati ya mateso ya utotoni, yale ya kihisia ndiyo yaliyohusiana zaidi na tatizo hili: kutukanwa, kubezwa, kuambiwa siku baada ya siku kwamba huna maana. Wazazi na walimu wengi wanaamini kwamba neno haliachi alama kama fimbo. Linaacha. Mtoto asiyeweza kukimbia nyumba hujifunza kukimbilia mbali na hisia zake, na akiwa mtu mzima njia ya kurudi inampotea.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko jina lake. Mwaka 1873 Maurice Krishaber, daktari aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliwaeleza wagonjwa 38 waliolalamika kwamba dunia imekuwa ngeni kwao. Mnamo Julai 1880 Henri-Frédéric Amiel, profesa wa Geneva aliyeandika shajara ya maelfu ya kurasa, alieleza anavyojiona yu nje ya mwili wake na nje ya maisha yake. Ni kutoka kwa shajara hiyo ambapo Mfaransa Ludovic Dugas aliazima neno la kitaalamu mwaka 1898. Pamoja na umri huo wote, tatizo limebaki kando katika mafunzo ya udaktari, na wagonjwa wengi hukaa miaka kadhaa kabla ya kukutana na mtu wa kuwaambia kinachowasumbua kinaitwaje.

Kuhusu kinachotokea ubongoni, maelezo yanayokubalika zaidi yalitolewa na Mauricio Sierra na German Berrios mwaka 1998. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia fikra na kujizuia, inakuwa kama imezidisha kazi yake. Inazikandamiza sehemu za ndani zinazozalisha hisia, huku umakini wa mtu ukipanda na kubaki juu. Ndiyo sababu mgonjwa anajihisi amekufa ganzi na wakati huohuo yuko macho kupita kiasi. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2001 uliafikiana na maelezo hayo: wagonjwa walioonyeshwa picha za kuchukiza walikuwa na mwitikio mdogo katika eneo la ubongo linalohusika na kinyaa, na mwitikio mkubwa zaidi sehemu ya mbele. Mwaka uliofuata ulipimwa unyevu wa ngozi, ule unaoongezeka mtu anapoguswa na jambo. Picha mbaya ziliwagusa wagonjwa kidogo kuliko wengine, lakini makofi yaliyopigwa ghafla yaliwashtua upesi zaidi. Habari njema iko hapo. Mitambo ya hisia haijafa. Imezuiliwa, na kilichozuiliwa kinaweza kuachiliwa.

Kwa nini basi haiachiliwi? Mara nyingi kwa sababu mtu anailinda hali hii bila kujua. Mwanafunzi wa chuo anaamka asubuhi. Kabla hajatoa mguu kwenye chandarua, anajiuliza kama leo dunia imerudi. Anatazama ukuta: bado. Anauinua mkono mbele ya macho, anakunja vidole, anavikunjua, anajaribu kuhisi kama ni vyake. Anakwenda kwenye kioo na kukaza macho mpaka uso unaanza kuwa wa ajabu, jambo ambalo lingempata mtu yeyote anayejikodolea macho kwa muda huo. Njiani, ndani ya daladala, anafanya tena; darasani tena; usiku anashika simu na kusoma habari za waliokaa na hali hii miaka 20. Kila ukaguzi unaleta hofu, hofu inaupa ubongo sababu ya kuendelea kujikinga, na kinga ndiyo ugeni wenyewe. Ni sawa na mtu anayeusubiri usingizi huku akijiuliza kila dakika kama umeshakuja.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya kuishi na hali hii ni kupunguza ukaguzi. Haiwezekani kuuacha kwa siku moja, na anayejilazimisha kuuacha anaishia kukagua kama anakagua. Kinachowezekana ni kuutambua unapoanza, kuupa jina kimoyomoyo, "hiyo ndiyo tabia yangu ya kupima", kisha kuupeleka umakini nje, kwenye kitu mahususi. Kitu mahususi maana yake ni kilekile kilicho mbele: mistari ya kitambaa cha abiria wa kiti cha mbele, sauti ya konda akiita vituo, ubaridi wa chupa ya maji kiganjani. Ikiwa mtu anatarajia kwamba kwa kufanya hivyo ugeni utaondoka hapohapo, amerudi kwenye kupima. Lengo ni kuwa na shughuli na dunia hata ikiwa imefifia.

Kazi za mikono zinasaidia kuliko ushauri mwingi wa maneno. Anayekanda unga wa chapati anapaswa kujua kama maji yametosha, na hilo hujulikana kwa vidole. Unga unashikana, unaacha kunata, unakuwa laini. Kitunguu kinachokaangwa kinabadilika rangi na harufu, na asipoangalia kinaungua. Shughuli za namna hii hazimwachii mtu nafasi ya kujitazama. Kulima bustani, kushona, kuosha gari, kucheza mpira, kupiga ngoma, kuimba kwaya pamoja na wenzake, vyote vina nguvu hiyo. Kutembea kwa kasi au kukimbia kunafaa pia, ingawa mwanzoni moyo unapodunda baadhi hushtuka wakidhani mshtuko wa hofu umerudi. Hao waanze taratibu, waongeze kidogo kidogo, mpaka mwili ujifunze kwamba moyo kwenda mbio si hatari.

Usingizi ni suala la peke yake. Kukesha peke yake kunatosha kuileta hali hii kwa mtu mzima wa afya, sembuse kwa aliyekwisha kuipata. Saa ya kulala isiyobadilika na simu kuwekwa mbali na kitanda vinaweza kuonekana vitu vidogo, lakini vina faida kuliko dawa nyingi zinazonunuliwa kwa siri. Bangi iachwe moja kwa moja. Miraa na kahawa nyingi zipunguzwe, kwa kuwa huamsha wasiwasi na kuiba usingizi kwa pamoja. Pombe hutuliza jioni na kuudhi asubuhi.

Jambo jingine linalochelewesha kupona ni kujitenga. Mtu anaacha kwenda harusini kwa sababu umati unamfanya ajihisi mbali. Anaacha kwenda sokoni kwa sababu ya taa na kelele. Mwishowe anabaki chumbani, mahali ambapo hakuna cha kutazama ila nafsi yake. Njia inayofaa ni kurudi kwenye shughuli hizo moja baada ya nyingine, akianza na ile isiyomtisha sana, na kukaa mpaka hofu ishuke yenyewe. Wapo walioolewa, waliofungua biashara za maana, waliohitimu shahada zao wakiwa katikati ya ukungu huo. Maisha hayo ni yao, nayo yanahesabika, hata kama siku yenyewe hawakuihisi inavyostahili.

Nyumbani, anayeambiwa habari hii na mwenzake au mwanawe hahitaji kuielewa yote. Inatosha asicheke, asimwite mtu kichaa, wala asimwulize kila saa kama imeisha, maana swali hilo nalo ni ukaguzi. Kumwalika wafanye jambo pamoja kunamfaa zaidi. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki swali la kwanza litakuwa ni jini, pepo au mkono wa mtu. Dua na maombi huwatuliza wengi, na hakuna sababu ya kumnyang'anya mtu faraja ya dini yake. Lakini mikesha ya siku kadhaa, kufungishwa kwa nguvu, kufukizwa moshi, kuchapwa au kufungwa kamba ni madhara juu ya madhara: vinaongeza hofu na kuondoa usingizi, vitu viwili vinavyoilisha hali yenyewe. Kiongozi wa dini anayemwombea mtu na papo hapo kumwelekeza hospitali anakuwa amefanya kazi kubwa.

Hospitalini kuna sababu mbili za kwenda. Ya kwanza ni kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine. Kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo kinaweza kuleta vipindi vifupi vya ugeni, pengine pamoja na harufu isiyokuwepo au kupotewa na fahamu. Kipandauso na jeraha la kichwa pia vinaweza. Anayeipata hali hii kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, au anayezimia, au aliyegongwa kichwa, apimwe bila kuchelewa. Baadhi ya dawa nazo zinahusika. Meflokwini, dawa ya malaria, inajulikana kwa madhara yake ya kiakili, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa. Mtu asiache dawa yoyote aliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari. Sababu ya pili ni kutibu kile kinachoandamana na ugeni, yaani wasiwasi na sonona, ambavyo hupatikana kwa wagonjwa wengi na vina tiba. Na anayefikia kuwaza kujiua asisubiri kesho. Apelekwe siku hiyohiyo akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Dawa iliyothibitishwa kwa ajili ya hali hii yenyewe haijapatikana. Fluoksetini, inayotumika sana kutibu sonona, ilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na haikuishinda dawa bandia. Lamotrijini, dawa ya kifafa, haikusaidia ilipotumiwa peke yake katika jaribio dogo la mwaka 2003, ingawa baadhi ya wagonjwa walipata nafuu walipoitumia pamoja na dawa za sonona. Diazepamu na jamii yake, zinazopatikana kirahisi mno katika maduka ya dawa, hutuliza kwa saa chache na kuzoeleka haraka, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta ugeni uleule mtu aliokuwa akiukimbia. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia ina matumaini zaidi. Wataalamu wa London waliijaribu kwa wagonjwa 21 na kuchapisha matokeo mwaka 2005: wengi walipata nafuu, na takriban 3 katika kila 10 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Ni idadi ndogo, na hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini ndiyo njia iliyo wazi kwa sasa. Katika Afrika Mashariki, pa kuanzia ni idara za afya ya akili za hospitali za mikoa na rufaa, na hospitali kubwa kama Mirembe iliyoko Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala. Daktari akiwa hajawahi kulisikia jina la hali hii, mgonjwa amweleze dalili moja moja, lini zilianza na nini kilitangulia, na amwambie waziwazi kwamba anajua anachohisi si kweli. Maelezo hayo ya mwisho yanaweza kumwepusha na dawa za ugonjwa asiokuwa nao.

Nafuu inapokuja haiji kama taa iliyowashwa. Mara nyingi mtu anagundua jioni kwamba tangu saa nane alikuwa akibishana na wenzake kuhusu mpira na hakujikumbuka. Vipindi hivyo vinarefuka, vinafutika, vinarudi. Wimbo unamgusa, kesho yake haumgusi. Hisia za kwanza kurejea zinaweza kuwa nzito, kama kilio cha msiba wa mwaka jana ambacho hakikutoka siku ile, na anayelia hivyo asizuiwe. Baadaye, baada ya miezi ya uzima, ugeni unaweza kumtembelea tena katika kipindi cha mitihani, ujauzito, uchovu au kufiwa. Aliyeupitia mara ya kwanza sasa anaujua ulivyo: anarudisha saa zake za kulala, anaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya, anamwambia mtu mmoja anayemwamini, na ukipita majuma mawili bila kupungua, anarudi kwa daktari wake.